Picha ya Pumzi

Shosho alipoambiwa picha ya kifua chake haina kitu, alicheka, na kicheko kikamletea kikohozi. Tulikuwa Nakuru mjini, tumetoka Bahati asubuhi kwa matatu, bahasha kubwa ya eksirei mkononi mwangu. Daktari alikuwa mpole. Aliinua ile filamu kwenye mwanga, akasema mapafu ni safi. Sasa, huyu ni mama aliyepika kwa kuni zaidi ya miaka hamsini, mawe matatu, jikoni bila dirisha. Siku hizi akitoka shambani kwenda nyumbani anapumzika mara tatu. Tukirudi aliniuliza swali moja tu: "Kama ni safi, hewa inaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kusoma usiku huo kwenye simu, na sijaacha.

Eksirei huonyesha mfupa, kovu, uvimbe, maji yaliyotuama. Haikuonyeshi hewa ikiingia. Ningedhani MRI ndiyo ingemaliza ubishi, lakini MRI ya kawaida husikiliza viini vya haidrojeni, na haidrojeni nyingi mwilini imo kwenye maji na mafuta. Pafu ni mfuko wa hewa. Kwenye picha hizo mapafu hutokea meusi tii, kama shimo la Menengai usiku usio na mwezi.

Halafu kuna shida ya pili, na hii ilinishangaza zaidi. Chukulia viini vya atomu ni abiria wa stendi ya Nakuru, nusu wakitazama Nairobi, nusu wakitazama Eldoret. Mashine inasikia tofauti tu kati ya makundi hayo mawili, wanaolingana wanafutana. Ndani ya sumaku kubwa ya hospitali, ya tesla 1.5, tofauti hiyo ni kama abiria watano katika milioni moja. Watano! Mwili una maji ya kutosha, kwa hiyo hao watano wanatosha kutoa sauti. Gesi ni nyepesi mno, na kwa hesabu hiyo haisikiki.

Dawa ya ububu huo ilitoka kwa watu ambao hawakuwa wakifikiria kifua cha mtu yeyote. Mwaka 1950, huko Paris, Alfred Kastler alieleza jinsi mwanga wa aina maalum unavyoweza kuzipanga atomu zielekee upande mmoja. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1966. Mwaka 1960, Bouchiat, Carver na Varnum walionyesha kwamba atomu zilizopangwa na mwanga zinaweza kuiambukiza heliamu-3 mpangilio huo kwa kugongana nayo. Unapasha moto metali iitwayo rubidiamu mpaka iwe mvuke, unaimulika, elektroni zake zinageukia upande mmoja, kisha zinakutana na gesi adimu na kukigeuza kiini chake. Leza ilipokuja na kuwa na nguvu, kazi ikawa rahisi. Badala ya abiria watano katika milioni, unapata makumi katika kila mia.

Kwa nini gesi adimu? Kwa sababu hazishikani na mtu. Heliamu, agoni, zenoni: zinapita kwenye umati bila kusalimia, kwa hiyo mpangilio zilioupata hauvurugwi haraka. Sisi wa hapa tumeshafaidi tabia hiyo bila kujua. Pale Kariandusi, karibu na Elmenteita, alikochimba Louis Leakey mwaka 1929, umri wa shoka za mawe, karibu miaka milioni moja, umejulikana kwa kupima agoni iliyonaswa ndani ya masalia ya volkano.

Turudi kifuani. Kwa miaka mingi, kikundi cha William Happer cha Chuo Kikuu cha Princeton kilikuwa kikipanga zenoni kwa leza kwa ajili ya fizikia tupu. Wenzao wa Stony Brook, New York, wakiwamo Mitchell Albert na Arnold Wishnia, ndio walioona mlango. Mwaka 1994 walichapisha kwa pamoja katika jarida la Nature picha ya mapafu ya panya yaliyojazwa zenoni hiyo. Mapafu yaling'aa. Baada ya miaka miwili tu, picha za binadamu aliyevuta heliamu-3 zilikuwa zimepatikana.

Heliamu-3 ilitoa picha nzuri kupita zote, na hapo ndipo siasa ilipoingia. Gesi hiyo haichimbwi kama mafuta: hutoka kwenye tritiamu inayooza, na tritiamu ilitengenezwa kwa ajili ya mabomu ya nyuklia. Baada ya Septemba 11, 2001, Marekani iliitumia kwa wingi katika vifaa vya kunusa mionzi mipakani na bandarini. Ilipofika mwaka 2009 akiba ilikuwa imekauka na bei imepaa. (Kuna atakayeuliza kuhusu heliamu ya Rukwa, Tanzania, iliyotangazwa mwaka 2016 kwa kishindo. Ni ya Bonde hilihili la Ufa, ni kweli, lakini ni heliamu-4, ile ya kupoza sumaku. Kwa kazi hii haisaidii.)

Watafiti wakarudi kwa zenoni. Zenoni imo hewani, hata hii ya Bahati, ila katika lita milioni moja za hewa haijazi chupa ndogo ya soda. Na ina kipaji ambacho heliamu haina: huyeyuka, ikavuka ukuta wa pafu hadi kwenye damu, kwa hiyo unaona hewa ilikofika na pia ilikokwama. Oxford, wagonjwa waliotoka kwenye COVID wakiwa bado wanahema walionekana na kasoro kwenye picha za zenoni ilhali picha zao za CT hazikuwa na shida. Niliposoma hayo niliiweka simu chini. Swali la shosho lilikuwa halali. Desemba 2022 Marekani iliidhinisha zenoni hiyo kutumika hospitalini, kwa wagonjwa wa miaka 12 kwenda juu.

Najua utasema: hiyo ni ya wenye pesa. Lakini kuna jaribio la mwaka 1998 ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Ronald Walsworth na wenzake, wa kituo cha Harvard-Smithsonian, walipiga picha za gesi iliyopangwa kwa leza wakitumia sumaku ya kama militesla mbili, dhaifu mara mia kadhaa kuliko ya hospitali. Iliwezekana kwa sababu nguvu haikutoka kwenye sumaku. Gesi ilikuja nayo. Sumaku kama hiyo haihitaji heliamu ya kimiminika ya nyuzi 269 chini ya sifuri, wala hailii stima ikipotea.

Na sumaku ndogo si ndoto kwetu. Mwaka 2022, Mbarara, Uganda, timu ya Johnes Obungoloch na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha MRI ya militesla 50 palepale chuoni, ikikusudiwa watoto wenye maji kichwani. Ile inasikiliza maji, si gesi. Kuipeleka kwenye pafu kutahitaji leza, rubidiamu, zenoni, na mtu wa kuziandaa karibu kabisa na mgonjwa, maana ndani ya pafu oksijeni huufuta mpangilio ule kwa sekunde ishirini, thelathini hivi.

Kipimo chenyewe hakina mambo mengi. Unavuta gesi kutoka kwenye mfuko, unabana pumzi sekunde kumi hadi kumi na tano, basi.

Jumapili iliyopita nilimweleza shosho haya yote, naye akataka kujaribu. Aliketi kwenye kigoda nje ya jiko, akavuta hewa, akabana, macho kwenye ukingo wa Menengai. Nilikuwa nahesabu kwa simu. Alifika tisa.