Mbegu

Mfugaji wa Magu akikuonyesha fahali na kusema, "Huyu ni wa mbegu," ana maana kwamba wenzake wamehasiwa, yeye ameachwa azae. Nalipenda neno hili kwa sababu limebeba uamuzi ndani yake.

Uamuzi huo ukirudiwa kizazi baada ya kizazi, mnyama hugeuka. Katika mji wa Mpwapwa, watafiti walichanganya zebu wetu na Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, wakachagua mbegu miaka mingi hadi wakapata ng'ombe anayeitwa kwa jina la mji huo. Charles Darwin naye, katika kitabu chake cha 1859, alianza na wafugaji, hasa wa njiwa, kabla ya kwenda porini.

Porini nani huchagua mbegu? Tazama furu, samaki wetu wadogo wa Ziwa Victoria. Sangara, wanaowala furu, waliletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 furu wengi wa Ghuba ya Mwanza walikuwa wametoweka. Baadhi waliporejea, watafiti waliwalinganisha na vielelezo vilivyohifadhiwa kabla ya balaa. Matamvua yalikuwa yamepanuka: katika maji yaliyopungukiwa oksijeni, mwenye matamvua mapana ndiye aliyebaki wa mbegu. Huenda sehemu ya badiliko hilo ni ya makuzi tu, isiyorithiwa. Lakini ni miongo miwili tu iliyokuwa imepita.

Shuleni jambo hili tunalifundisha kama "uteuzi asilia", na watoto wanakariri. Mwalimu wa Mwanza angeanza na fahali wa Magu, kisha awapeleke mwaloni Kirumba, samaki mkononi, wafunue shavu lake watazame matamvua.