Homa Imepoa, Maradhi Yamebaki: Historia na Fiqhi ya Udhuru wa Mgonjwa

  

Mwaka 2021, katika siku za Uviko-19, aliswali nasi hapa Singida Mjini kijana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupakia magunia ya vitunguu. Alikuwa ameugua sana, kisha homa ikamwacha. Miezi mitatu baadaye alichukua kiti akaswali Ijumaa amekaa. Baada ya swala nilimwambia, tena mbele ya watu, kuwa ugonjwa umekwisha na faradhi ya kusimama imerudi. Alinijibu kwa adabu: "Shehe, nikisimama moyo unakwenda mbio na macho yanaingia giza." Sikumsikiliza. Ijumaa mbili zilizofuata hakuonekana. Niliporejea vitabu nikafahamu kuwa mkosa ni mimi, nikamwendea nyumbani kumtaka radhi.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba udhuru wa mgonjwa unaondoka pamoja na homa. Historia ya maradhi katika nchi zetu inakanusha dhana hiyo, na fiqhi nayo inaikanusha.

MARADHI YANAYOACHA ATHARI

Wazee wetu waliijua ndui. Katika karne ya 19 ilisafiri na misafara kati ya pwani na Unyanyembe, ikipita Ugogo, kusini mwa huku kwetu. Aliyesalimika nayo alibaki na makovu usoni, na wengine walibaki vipofu. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwaka 1977.

Jambo hili halikuwa geni kwa wanazuoni wa tiba wa Kiislamu. Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki yapata mwaka 313 Hijria (925), alitunga risala mahususi juu ya ndui na surua. Ndani yake aliweka mlango wa kuyalinda macho, koo na viungo vya mgonjwa, na mlango mwingine wa kuondoa makovu. Kwa tabibu huyu, kazi haikuishia pale homa inaposhuka.

HOMA ILIYOPINDA WATU

Mfano ulio wazi zaidi umetoka katika ardhi ya Tanzania yenyewe. Mwaka 1952 hadi 1953 ulizuka ugonjwa katika uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala. Mtu alishikwa na homa kali ya ghafla na maumivu ya viungo yaliyomfanya ashindwe kujinyoosha. Wenyeji waliuita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kupinda au kukunja, na kutokana na neno hilo dunia nzima leo inauita chikungunya. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walitoa maelezo yao juu yake mwaka 1955. Chanzo chake ni kirusi kinachoenezwa na mbu anayeuma mchana na kuzaliana katika maji yaliyohifadhiwa majumbani.

Takriban miaka 50 baadaye, mwaka 2004, ugonjwa huo uliingia Lamu, mji wa elimu na mawalii, wakati wa ukame ambapo watu walikuwa wakihifadhi maji kwa wingi. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya watu wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Mwaka huo huo ukafika Mombasa, mwaka 2005 ukafika Ngazija, kisha ukavuka hadi kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya watu waliugua hadi kufikia mwaka 2006.

Homa ya chikungunya kwa kawaida haizidi siku chache au wiki moja. Lakini waliofuatiliwa Réunion, wengi wao walikuwa bado wanaumwa viungo baada ya mwaka na zaidi, hasa watu wazima. Vifundo vya mikono, vidole, magoti na vifundo vya miguu ndivyo vinavyopatwa zaidi. Tafakari, ndugu msomaji: hivi karibu vyote ni viungo vya sijda! Mtu wa namna hii hana joto mwilini, anakwenda sokoni, anazungumza na watu. Ukimtazama utasema mzima. Lakini akiinama kusujudu, maumivu yanamwondolea hata kile anachokisoma.

Uviko-19 nao ulikuja na jambo kama hilo. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali inayobaki baada ya ugonjwa: kwa kawaida huonekana miezi mitatu tangu kuugua, na hudumu si chini ya miezi miwili. Dalili zake ni pamoja na uchovu mzito, kukosa pumzi na akili kutotulia.

SAHABA ALIYEUGUA MIAKA MINGI

Tuje sasa kwenye fiqhi. Hadithi iliyo msingi wa swala ya mgonjwa ameipokea Imam Bukhari kutoka kwa Imran bin Huswain (R.A.). Huyu ni Sahaba aliyesilimu mwaka wa Khaibar, na Umar (R.A.) alimpeleka Basra kuwafundisha watu dini. Alifariki huko mwaka 52 Hijria.

Imran alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya swala yake, akaelekezwa aswali amesimama, asipoweza aswali amekaa, na asipoweza aswali kwa ubavu. Watu wengi wanaihifadhi hukumu hii lakini wanasahau sababu yake. Imran hakuwa na homa. Alikuwa na bawasiri, na wasifu wake unaeleza kuwa aliishi na maradhi kwa miaka mingi. Kwa hiyo ruhusa hii, tangu siku ya kwanza, ilitolewa kwa mtu mwenye ugonjwa wa kudumu, anayetembea na kuonekana miongoni mwa watu.

Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) katika al-Majmu' ameeleza kuwa haishurutishwi mtu ashindwe kabisa kusimama, wala haitoshi mashaka madogo. Kinachozingatiwa ni mashaka yaliyo dhahiri, au kuhofia ugonjwa kuzidi. Imamul Haramain naye alikipima kipimo hicho kwa khushui: mashaka yanayoiondoa khushui ni udhuru.

WAJIBU WETU

Kutokana na haya tunapata mambo manne.

Kwanza, imamu asipime udhuru kwa joto la mwili wala kwa umri. Amuulize mwenyewe, na iwe faraghani.

Pili, mgonjwa naye ni mwenye amana. Anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu, asimame, kisha akae na kuashiria. Kinachowezekana hakianguki kwa sababu ya kisichowezekana. Na siku akipata nguvu, arudi kwenye asili.

Tatu, katika funga tusiharakishe kumwambia atoe fidia. Fidia ni ya asiyetarajiwa kupona. Wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu baada ya muda, na wao hukumu yao ni kulipa. Hapa aulizwe tabibu mwaminifu.

Nne, tusimkatishe tamaa. Imepokewa katika Bukhari kutoka kwa Abu Musa (R.A.) kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. Ikiwa Mola wake amemhesabia kisimamo chake akiwa kitini, mimi ni nani hata nikamnyang'anya?

Kijana yule alirejea msikitini. Aliendelea kuswali kitini kwa miezi kadhaa, kisha akaanza kusimama rakaa moja moja, mpaka Allah akamjaalia kusimama swala nzima. Hakuna aliyemwamrisha.

Wallahu aalam.