Umeme wa Kamina: reli, kambi na jua

Mji wa Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, ulizaliwa na reli, na umeme wake ulifuata reli na jeshi kabla ya kufika nyumbani kwa mtu. Uko kwenye nyanda za juu za Katanga, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya Waluba. Kabla ya reli nishati yote ya nchi hiyo ilitoka msituni. Miti ya miombo ilitoa kuni za kupikia, na mafundi wa Kiluba waliichoma kupata makaa ya kuyeyushia chuma, kazi iliyoheshimiwa sana katika ufalme wao. Misitu hiyo bado inapikia Kamina hadi leo, na mambo yote yaliyofuata hayakuiondolea mzigo huo.

Kampuni ya reli ya BCK, yaani reli ya kutoka Kongo ya Chini hadi Katanga, iliundwa mwaka 1906, mwaka uleule ilipoundwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya shaba. Reli iliyotoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918, pale ambapo mto Lualaba unaanza kupitika kwa meli. Kutoka Bukama njia iliendelezwa kaskazini-magharibi, ikapita Kamina na kukata nchi ya Kasai hadi bandari ya Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo. Ilifunguliwa mwaka 1928. Treni zilikuwa za mvuke, zikila kuni na makaa ya mawe, na sehemu ya makaa hayo ilichimbwa Luena, si mbali na Bukama. Mwaka 1956 tawi la Kamina hadi Kabalo lilikamilika, likaiunganisha reli ya Katanga na ile ya Ziwa Tanganyika. Tangu hapo Kamina ikawa njia panda: kusini shaba, magharibi Kasai, mashariki ziwa.

Wakati huo umeme mkubwa wa Katanga ulikuwa ukizalishwa mbali kusini, kwenye maporomoko ya maji. Union Minière ilifungua kituo cha Mwadingusha kwenye mto Lufira mwaka 1930, na baada ya vita vya pili vya dunia vikafuata Koni mwaka 1950, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, jirani na Kolwezi. Nseke, iliyoanza kazi mwaka 1956, ilikuwa kubwa kuliko zote, ikiwa na uwezo wa karibu megawati 250. Sababu ya vituo hivyo ilikuwa shaba. Ili kuipata shaba safi kwa njia ya elektrolisisi, mkondo wa umeme hupitishwa katika matangi yenye shaba iliyoyeyushwa kwa asidi, na tani moja hutumia takriban kilowati-saa 2,000. Mabwawa ya Katanga yalipimwa kwa tani za shaba. Idadi ya nyumba haikuwamo katika hesabu hiyo.

Reli nayo ikaomba sehemu yake. Mwaka 1952 kipande cha kutoka Jadotville, yaani Likasi, hadi Tenke kilianza kuendeshwa kwa umeme wa volti 25,000 wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Ulikuwa mfumo mpya kabisa, ambao Ufaransa yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaujaribu katika milima ya Savoie, na Katanga ikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa duniani kuutumia katika kazi ya kila siku. Baadaye nyaya zilisogezwa hatua kwa hatua kuelekea kaskazini hadi Kamina. Hapo zikakoma. Treni inayotoka Lubumbashi huvutwa na kichwa cha umeme mpaka Kamina, na safari ya kwenda Kananga au Kalemie huendelea kwa dizeli. Hakuna alama iliyo wazi zaidi ya mahali pa mji huu katika ramani ya nishati ya Kongo: ndipo mtandao wa shaba unapoishia.

Chanzo cha pili cha umeme wa Kamina kina asili ya kijeshi. Ubelgiji, ikiwa na kumbukumbu mbichi ya kuvamiwa na Ujerumani, iliamua kujenga kambi kubwa ndani kabisa ya koloni, mahali ambapo jeshi lingeweza kujipanga upya iwapo Ulaya ingeangukia vitani tena. Kamina ilichaguliwa. Kambi ilipata viwanja vya ndege, mabohari na makazi, na kuanzia mwaka 1953 ikawa na shule ya marubani wa kivita. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1954, kituo cha umeme wa maji cha Kilubi kilianza kazi kikiwa na uwezo wa karibu megawati 10. Kwa kulinganisha na Nseke ni kidogo, lakini ndicho urithi pekee wa maana ambao enzi ya ukoloni iliuachia mji huu katika nishati. Mwaka 1960 kambi ilikabidhiwa kwa Umoja wa Mataifa. Novemba 1964 ndege za makomando wa Ubelgiji ziliruka kutoka Kamina kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo, na Mei 1978 wanajeshi wa nchi hiyo walipitia hapohapo wakielekea Kolwezi. Njia za ndege zilibaki na kazi. Nyumba za mji zilibaki na sehemu ndogo ya mkondo.

Mpangilio wa miji ya kikoloni ulichangia hilo. Mtaa wa Wazungu na nyumba za wakubwa wa reli zilipata nyaya, maji ya bomba na kuta nene zenye veranda pana ambazo zilipoza vyumba bila mashine yoyote. Siteni, yaani upande wa Waafrika, watu waliwasha taa za mafuta na kupikia makaa. Mgawanyo huo haukuwa bahati mbaya ya kiufundi. Ulikuwa uamuzi, na mitaa mingi ya Kongo bado inauvaa hadi leo.

Baada ya uhuru serikali ilitaka kuushika umeme mkononi. Shirika la taifa la umeme, SNEL, liliundwa Mei 1970, na mwaka 1974 likameza makampuni binafsi yaliyokuwa yakigawa umeme, yakiwemo SOGEFOR ya Katanga. Mradi mkubwa wa zama za rais Mobutu ukawa Inga, kwenye maporomoko ya mto Kongo karibu na bahari. Inga I ilianza mwaka 1972 ikiwa na megawati 351, na Inga II mwaka 1982 ikiwa na megawati 1,424. Ili umeme huo ufike kwenye migodi, ulijengwa waya wa Inga hadi Kolwezi, urefu wa kilomita takriban 1,700, wenye mkondo wa moja kwa moja, ambao ulikuwa mmoja wa nyaya ndefu kupita zote duniani. Jina lake rasmi ni Inga–Shaba, kwa kuwa Katanga wakati huo iliitwa Shaba. Gharama zake zilipanda mno na kuwa sehemu nzito ya deni la nchi.

Wapo walioona katika waya huo mkono wa kisiasa pia: jimbo lililojitenga kati ya 1960 na 1963 sasa lingepata umeme wake kutoka swichi iliyo upande wa Kinshasa. Kwa watu wa njiani, hata hivyo, jambo zito zaidi lilikuwa la kifizikia. Umeme wa mkondo wa moja kwa moja haukatwi njiani kwa urahisi kama ule wa kawaida. Kila mahali panapotaka kuchota panahitaji kituo cha gharama kubwa cha kuugeuza. Kwa hiyo minara ya chuma ilipita juu ya vijiji vya Bandundu na Kasai bila kuacha hata balbu moja chini yake. Kwa nchi yenye mito mingi midogo kama Kilubi, fedha ile ingeweza kuwasha miji mingi. Hilo ni kosa lililolipiwa na vizazi viwili.

Miaka ya 1990 ilivunja mengi. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, Gécamines, kampuni ya shaba ya taifa, ikaporomoka, vipuri vikakosekana, kisha vita vikaja. Kituo cha Piana Mwanga kilichowahudumia wachimba bati wa Manono kiliharibiwa. Mgao wa umeme, ambao Wakongo huuita delestaji, ukawa desturi hata katika miji iliyokaa jirani na mabwawa.

Sera ilibadilika kwa sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, iliyoondoa ukiritimba wa SNEL na kuruhusu makampuni mengine kuzalisha na kuuza umeme. Kutokana nayo ziliundwa mwaka 2016 mamlaka ya udhibiti, ARE, na wakala wa kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji, ANSER. Katiba ya 2006 ilikuwa tayari imeyapa majimbo, katika ibara ya 204, haki ya kupanga miradi ya nishati yenye manufaa ya jimbo. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa kuwa majimbo manne. Mwadingusha na Koni zikabaki Haut-Katanga, Nzilo na Nseke zikaangukia Lualaba. Haut-Lomami ilipata Kilubi, pamoja na bonde la Upemba, ambako Lualaba hutambaa kati ya maziwa na vinamasi bila nguvu ya kugeuza mashine.

Hapo ndipo jua linapoingia katika hesabu kwa uzito. Kusini-mashariki mwa Kongo hupata mwanga mwingi kuliko msitu wa bonde la Kongo, na kiangazi cha Mei hadi Septemba karibu hakina mawingu. Ndiyo miezi ambayo mito hupungua. Paneli na maporomoko hivyo hupokezana: jua hufanya kazi maji yanapokuwa haba, na maji hushika zamu usiku na wakati wa masika. Mifano ya karibu ipo. Manono, katika jimbo la Tanganyika, ilipata mwaka 2018 shamba la jua la megawati 1 lenye betri, na Goma ilipata mwaka 2020 la megawati 1.3, lililojengwa na kampuni ya Kikongo iliyojiita kwa neno la Kiswahili, Nuru. Shamba la kiasi hicho huchukua hekta 2 hivi. Ardhi ya namna hiyo Kamina inayo, na reli ya kuleta mizigo inayo. Kazi ngumu ni kupata haki safi ya ardhi, betri za usiku, nyaya za mitaani na bei ambayo muuza soko anaweza kuilipa.

Januari 2025, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, Kongo iliahidi kuongeza watu wenye umeme kutoka karibu asilimia 21 hadi 62 ifikapo 2030. Vijijini hesabu ya sasa ni takriban asilimia 1 tu.

Lakini ndani ya nyumba nishati kubwa zaidi ni ya jikoni, si ya taa. Makaa huchomwa porini katika matanuri ya udongo, na kilo 100 za mti hutoa kilo 10 hadi 20 za makaa. Yakifika mjini huwekwa kwenye mbabula, jiko la bati lililo wazi, ambalo joto lake jingi huenda hewani. Kenya ilionyesha tangu miaka ya 1980, kwa jiko lenye tumbo la udongo ndani ya bati, kwamba makaa ya mlo mmoja yanaweza kupungua kwa theluthi au zaidi, na mafundi bati wa soko lolote huweza kulitengeneza. Kwa upande wa taa, balbu ya LED hutumia chini ya sehemu moja ya sita ya umeme wa balbu ya zamani, kiasi kwamba paneli ndogo na betri moja hutosha vyumba kadhaa na simu. Kamina ikiwa kusini mwa ikweta, paneli ya paa huelekezwa kaskazini, kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hivi ili mvua iioshe. Kiangazi, mvua isipokuwepo, vumbi jekundu hufutwa kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.