Uzuiaji: neno la komeo la nje

Komeo la chumba cha kulala hukaa ndani, anayelala akajifungia mwenyewe. Ukilikuta nje, jua anayelala hakuulizwa. Tuseme ni nyumba ya Kisanga, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, msimu wa kulima. Mama anakwenda shamba, kijana wake mwenye ulemavu wa akili anabaki, na komeo linasukumwa kutoka nje. Mama akiulizwa atasema anamtunza, asije akaangukia moto wa jikoni au kupotelea mtoni. Hasemi uongo. Tatizo ni kwamba neno “matunzo” likishatamkwa mazungumzo yanakwisha, kwa maana hakuna anayeomba matunzo yachunguzwe.

Wenzetu wa Australia wamekipa kitendo hicho jina la kisheria. Kanuni zao za mwaka 2018 za huduma za watu wenye ulemavu zinataja aina tano: kumfungia mtu peke yake, kumpa dawa ili atulie tu, bila kutibu ugonjwa wowote, kumfunga kwa kifaa, kumshika kwa nguvu, na kumzuia asifike mahali au asifikie kitu, kama friji iliyotiwa kufuli. Tuziiteje zote kwa pamoja? “Vizuizi” ndilo neno linalokuja haraka mdomoni, nami nalikataa. Kizuizi ni kitu, kama lile gogo la njiani penye ushuru wa mazao, na kitu hakina wa kuulizwa. Tena “kizuizini” limebeba kumbukumbu ya sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu watu kuwekwa ndani bila kesi. “Udhibiti” nao una sifa njema mno: tunadhibiti malaria, tunadhibiti moto. Wazee walikuwa na “mkatale”, ubao wa kubana miguu ya mfungwa, neno kali lisilozunguka, ila linataja kifaa kimoja tu. Napendekeza “uzuiaji”. Linataja kitendo, na kitendo hakikosi mtendaji. Ukisema uzuiaji, msikilizaji atauliza nani amemzuia nani, tangu lini, kwa idhini ya nani.

Neno la pili tunalohitaji ni la kuomba jambo hilo litazamwe upya na mtu asiyehusika. Hapa lugha ya mahakama imetutangulia. Rufani hupelekwa ngazi ya juu kupinga uamuzi uliotolewa. Lakini kwa komeo la Kisanga nani alitoa uamuzi, na uko kwenye jalada gani? Marejeo hufanywa na mahakama ileile iliyoamua, yaani mwenye ufunguo ajikague mwenyewe. Ukaguzi hutazama jengo, vyoo na daftari, na mtu anaweza kufungiwa katika jengo safi kabisa. Limebaki “mapitio”, na lazima liandamane na “huru”, la sivyo kituo kitajipitia chenyewe na kujipa alama.

Msomaji atasema haya ni maneno ya nchi zenye mabaraza ya kila jambo. Si kweli kwamba sisi tuko mikono mitupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 16 inataka huduma zao zisimamiwe na mamlaka huru. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikafuata. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2001, hupokea malalamiko hata kutoka kwa anayemsemea mwingine. Kweli, Tume haihukumu, inapendekeza. Lakini katika shauri la wananchi wa Nyamuma, Serengeti, Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 2006 kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kupelekwa mahakamani yatekelezwe. Mlango upo. Ila kutoka Kisanga ni mbali, na hilo silipingi.

Pingamizi zito zaidi ni la yule mama: neno hili si litamgeuza mshtakiwa? Litamgeuza, kama mapitio yataishia kwake. Mapitio ya kweli huuliza pia ni nini kimekosekana hata komeo likahamia nje. Huko Mahenge, mkoa huohuo wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mahali ambapo wagonjwa walitengwa hata kwenye chakula. Ikiwa kijana wa Kisanga naye ana kifafa, kikitulizwa kwa dawa, hofu ya moto hupungua, na komeo nalo hupoteza sababu yake. Kwa hiyo anayepitia anaweza kuondoka Kisanga bila kumlaumu mzazi, huku ripoti yake ikiitaja zahanati isiyo na dawa, shule isiyompokea kijana, na kijiji kisicho na wa kushinda naye hadi jioni. Ombi lenyewe halihitaji wakili. Mjomba, jirani au mwenyekiti wa kitongoji aandike nani anazuiwa, kwa namna gani, saa ngapi hadi saa ngapi, na kama mwenyewe amewahi kuulizwa.