Kushtuka si Kuogopa

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wengi wetu tuliisoma methali hiyo shuleni kama funzo la tahadhari, tukajibu swali la mtihani na kuendelea. Ukiirudia polepole utaona imebeba mambo matatu: maumivu yaliyopita, kitu kisicho na madhara kinachofanana na kile kilichoumiza, na mwili unaoruka kabla mwenye mwili hajaamua lolote. Kwa zaidi ya miaka 30, maabara ya Joseph LeDoux mjini New York ilichunguza mambo hayo hayo matatu kwa kutumia panya, mlio wa sauti na shoti ndogo ya umeme. Mwishoni mwanasayansi huyo alilazimika kutumia miaka mingine kuwaeleza wenzake jambo ambalo methali inalo kwenye kitenzi chake cha mwisho. Methali haisemi huogopa. Inasema hushtuka.

Hadithi ya tofauti hiyo ni ndefu, na inaanza kabla ya maabara za leo. Mwaka 1884 William James, mwalimu wa Harvard, alichapisha makala katika jarida la Mind akiuliza hisia ni kitu gani. Watu wote walidhani kwamba mtu akimwona dubu huogopa kwanza, kisha hukimbia kwa sababu ameogopa. James aligeuza mpangilio. Mwili ndio unaoanza: moyo unakwenda mbio, miguu inatoka nduki, na kule kuusikia mwili ukibadilika ndiko tunakokuita hofu. Mwaka uliofuata daktari wa Denmark, Carl Lange, alitoa hoja iliyokaribiana sana na hiyo. Msemaji wa Kiswahili hapati tabu kuwaelewa wawili hawa. Lugha yetu imeiweka hofu mwilini siku nyingi: tumbo joto, roho juu, nywele kusimama, damu kusisimka.

Aliyewapinga alitoka Harvard hiyo hiyo. Walter Cannon alikuwa bingwa wa kazi za viungo vya ndani, na mwaka 1927 alitoa hoja zake. Moyo unakwenda mbio mtu akiogopa, akikasirika, hata akiwa na homa au baridi kali. Kama hisia ni mabadiliko ya mwili tu, mtu angejuaje kwamba hii ni hofu na ile ni hasira? Tena wanyama waliokatiwa neva zinazopeleka habari za viungo vya ndani kwenye ubongo waliendelea kuonyesha hasira kama kawaida. Mwanafunzi wake, Philip Bard, alionyesha mwaka 1928 kwamba paka aliyeondolewa sehemu kubwa ya juu ya ubongo bado aliweza kutunisha mgongo, kutoa kucha na kufoka akiguswa kidogo tu, mradi sehemu ndogo ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi ilikuwa nzima.

Watafiti wale waliita tabia hiyo ya paka hasira ya bandia. Hawakutaka kusema kwamba paka asiye na gamba la juu la ubongo anaona hasira kama mtu anavyoiona. Waliona kucha na mgongo, wakaandika kucha na mgongo. Uangalifu huo wa majina ulikuja kupotea.

Desemba 1936, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Heinrich Klüver na daktari mpasuaji Paul Bucy walimfanyia upasuaji nyani wa maabara aliyeitwa Aurora. Klüver alikuwa akifuatilia meskalini, dawa inayomfanya mtu aone vitu visivyokuwepo, na alitaka kujua inafanya kazi wapi kwenye ubongo. Bucy aliondoa sehemu za pembeni za ubongo, zile zilizo karibu na masikio. Jibu la swali la meskalini halikupatikana, lakini Aurora alikuwa amebadilika. Mnyama aliyekuwa mkali sasa alikuwa mpole. Yeye na nyani wengine waliofanyiwa upasuaji kama huo walisogelea watu bila wasiwasi, wakaokota kila kitu na kukitia mdomoni, hata nyoka, ambaye nyani wengi humkimbia. Mwaka 1956 Lawrence Weiskrantz alibana eneo la utafutaji. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya upole ule ilitokana na kuharibiwa kwa kijisehemu kimoja, kimoja kila upande wa ubongo, chenye umbo la lozi. Jina lake, amigdala, lina maana hiyo hiyo ya lozi kwa Kigiriki.

LeDoux alikulia Eunice, mji mdogo wa jimbo la Louisiana, ambako baba yake alikuwa mchinjaji. Amesimulia kwamba kazi yake utotoni ilikuwa kutafuta risasi ndani ya ubongo wa ng'ombe waliochinjwa, asije mteja akaing'ata. Miaka ya 1970 alikuwa mwanafunzi wa Michael Gazzaniga, akiwachunguza watu ambao nusu mbili za ubongo wao zilikuwa zimetenganishwa kwa upasuaji ili kutibu kifafa. Mgonjwa mmoja alivutia fikra zake. Neno lilipoonyeshwa kwa nusu ya ubongo isiyo na uwezo wa kusema, mgonjwa hakuweza kulitaja, lakini aliweza kusema kama ni zuri au baya. Uzito wa jambo ulikuwa umevuka upande wa pili. Jambo lenyewe halikuvuka.

Ili kufuatilia njia hiyo ndani ya ubongo alihitaji wanyama. Jaribio lilikuwa rahisi. Panya anasikia mlio, kisha anapigwa shoti ndogo miguuni. Baada ya mara chache, mlio peke yake unatosha: panya anaganda pale alipo na shinikizo la damu yake linapanda. Huyu ni aliyeumwa na nyoka, na mlio ndio unyasi. Mwaka 1984, miaka 100 baada ya makala ya James, LeDoux na wenzake katika chuo cha tiba cha Cornell walionyesha kwamba panya aliyeharibiwa sehemu ya juu ya ubongo inayochambua sauti bado anajifunza kuuogopa mlio. Akiharibiwa kituo cha chini zaidi, thalamasi, hajifunzi. Kazi zilizofuata zilionyesha njia fupi inayotoka thalamasi kwenda moja kwa moja kwenye amigdala. Habari za hatari zinaweza kufika pale kabla sehemu za juu hazijamaliza kujua ni hatari gani.

Tazama kitenzi nilichotumia juu: kuuogopa mlio. Ndivyo na wao walivyoandika. Panya aliyeganda aliitwa panya mwenye hofu, na mafunzo yale yakaitwa mafunzo ya hofu. Kitabu cha LeDoux cha mwaka 1996, The Emotional Brain, kilisomwa na watu wengi nje ya maabara. Mwaka mmoja kabla yake Daniel Goleman alikuwa ameyatumia matokeo hayo katika kitabu chake maarufu kuhusu akili ya hisia, akieleza jinsi amigdala inavyoweza kumteka mtu. Amigdala ikawa kituo cha hofu, kwenye magazeti, kwenye semina za uongozi, na leo kwenye video fupi za ushauri unazotazama ukiwa kwenye daladala au matatu.

Dalili kwamba jina limekaa vibaya zilikuwepo muda wote. Mwaka 1911 Édouard Claparède wa Geneva aliandika juu ya mwanamke aliyepoteza kumbukumbu, ambaye kila siku alihitaji kutambulishwa upya kwa daktari wake. Siku moja Claparède alificha pini mkononi na kumchoma wakati wa kusalimiana. Baadaye mwanamke yule alikataa kutoa mkono, ingawa hakuweza kueleza tukio lolote lililomfanya akatae. Mwaka 1995 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, akiwemo Antoine Bechara na Antonio Damasio, lilipima jambo hilo kwa makini. Waliwaonyesha wagonjwa rangi mbalimbali, na rangi moja ilifuatwa na mlio mkali wa honi. Mgonjwa aliyeharibika amigdala aliweza kusema bila kukosea ni rangi gani inaleta honi, lakini ngozi yake haikutoa hata lile jasho dogo la tahadhari. Mgonjwa aliyeharibika hipokampasi, sehemu inayohifadhi matukio, alikuwa kinyume: ngozi ilitoa jasho na yeye hakujua kwa nini. Kujua na kushtuka vilikuwa vimeachana.

Mgonjwa wa kwanza kati ya hao anafahamika katika maandishi ya kisayansi kwa herufi S.M. tu. Ugonjwa adimu wa kurithi uliziharibu amigdala zake zote mbili. Mwaka 2011 watafiti walieleza jinsi walivyompeleka kwenye duka la nyoka na buibui, na kwenye jumba la kutisha watu. Alitaka kumshika nyoka; jumbani alitangulia mbele ya kundi. Wengi waliona ushahidi umekamilika: hakuna amigdala, hakuna hofu.

Miaka miwili baadaye, Justin Feinstein na wenzake walimpa S.M. barakoa avute pumzi moja ya hewa yenye asilimia 35 ya kabonidayoksaidi. Hewa hiyo huufanya mwili uamini kwamba unakosa pumzi. Walitarajia atatulia kama alivyozoea. Badala yake alianza kuipungia barakoa mkono na kuomba msaada. Alikuwa ameingiwa na hofu kuu. Mapacha wawili wenye ugonjwa huo huo nao walipojaribiwa walipatwa na hali hiyo. Mwanamke ambaye sayansi ilimtaja kwa miaka mingi kama mtu asiyeweza kuogopa alikuwa ameogopa, na amigdala hakuwa nayo.

Wakati huo LeDoux mwenyewe alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. Katika makala ya mwaka 2012 na nyingine ya 2014, kisha katika kitabu chake Anxious cha mwaka 2015, alisema amigdala haitengenezi hofu. Inagundua tishio na kuuandaa mwili kujikinga, kazi ambayo inaweza kufanyika bila mtu kujua. Hofu, alisema, ni kile anachokipata mtu anapotambua kwamba yuko hatarini, na hiyo inahitaji kumbukumbu, maana, na sehemu za ubongo zinazotuwezesha kujitambua. Alikubali kwamba lugha aliyoitumia kwa miaka mingi ilichangia mkanganyiko.

Si wote waliomkubali. Jaak Panksepp, aliyefariki mwaka 2017, alikuwa amewatekenya panya katika maabara yake Ohio na kurekodi sauti zao nyembamba, za juu kuliko sikio la binadamu linavyoweza kusikia, ambazo alizilinganisha na kicheko. Kwake yeye hisia zinachipuka kwenye sehemu za chini za ubongo ambazo wanyama wote wanaonyonyesha wanazo. Hoja yake ina uzito wa kimaadili. Tukisema panya aliyeganda anajikinga tu wala hahisi chochote, tunampa ruhusa nyepesi mtu anayetaka kumpiga shoti. LeDoux hakusema kwamba wanyama hawahisi; alisema kuganda kwa panya si kipimo cha anachohisi. Lakini ni rahisi kusikia la kwanza badala ya la pili.

Gharama ya mkanganyiko huu inawafikia wagonjwa. Dawa nyingi za wasiwasi zimejaribiwa kwa panya aliyewekwa kwenye njia panda iliyoinuliwa juu, matawi mawili yakiwa na kuta na mawili yakiwa wazi. Panya akipewa dawa na kuthubutu kwenda kwenye matawi ya wazi, dawa hiyo huhesabiwa kuwa inapunguza wasiwasi. Mwaka 2016 LeDoux na daktari wa akili Daniel Pine walidai kwamba kipimo hicho kinapima tabia ya kukwepa, na ndiyo maana dawa inaweza kumsaidia mtu kwenda kwenye sherehe aliyokuwa akiikimbia huku ndani yake hofu ikibaki pale pale. Dawa inaweza kuwa imefanya kazi iliyopimwa. Mgonjwa alikuja kutafuta kazi nyingine.

Siamini kwamba waliotunga methali walijua habari za amigdala, wala Kiswahili hakina siri ambayo sayansi haina. Lugha yetu imetunza tu maneno mawili pale ambapo watafiti walitumia moja. Mtu husema "nilishtuka tu, sikuogopa," na kila anayemsikiliza anamwelewa. Mwingine husema ana wasiwasi, naye amekaa kimya kwenye kiti, hatoki jasho, moyo hauendi mbio, na wasiwasi wake ni wa kweli vilevile.

Kwa hiyo rafiki akija kukwambia kwamba kila akisikia mlango ukibamizwa anarudi kwenye siku ile, usikimbilie kumwambia amigdala imemteka. Muulize kwanza anashtuka au anaogopa. Kama ni mwili unaoruka, kuna tiba za kuuzoesha kidogo kidogo, mahali salama, hadi mlango urudi kuwa mlango. Kama ni hofu, anaweza kuhitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza anavyoisimulia. Mara nyingi atakuwa na vyote viwili, na kutulia kwa kimoja hakuthibitishi kwamba cha pili kimepona.