Jina la Allah katika Makaburi ya Waviking: Tupime Ushahidi Kabla ya Kupanda Nao Mimbari

Mwezi Oktoba 2017 Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kilitangaza kwamba mtafiti wake, Annika Larsson, amesoma majina "Allah" na "Ali" katika tepe za hariri na fedha zilizotoka kwenye makaburi ya Waviking wa karne ya 9 na 10 Miladia. Baadhi ya makaburi hayo yako Birka, mji wa kale uliokuwa kisiwani katika ziwa Mälaren. Habari ikaenea dunia nzima, na Waislamu wengi wakafurahi.

Siku chache baadaye Stephennie Mulder, mtaalamu wa sanaa ya Kiislamu wa Chuo Kikuu cha Texas, alipinga. Alisema Kufi ya mraba iliyodaiwa kuonekana pale ilienea miaka kama 500 baada ya makaburi hayo. Tena, utepe wenyewe ni mwembamba. Herufi zilitimia pale tu mchoraji alipoupanua kwa kukisia sehemu aliyodhani imepotea. Kwa lugha ya wanavyuoni wa Hadithi, hapa msimulizi ameongeza maneno yake ndani ya matni! Nasi tunaona hoja ya Mulder ndiyo yenye nguvu.

Hata hivyo, mawasiliano ya watu wale na Waislamu hayategemei utepe huo. Ardhi ya Sweden imetoa makumi ya maelfu ya dirhamu, nyingi zikiwa na mwaka wa Hijra na jina la mji zilikopigwa. Ibn Fadlan, aliyetumwa na Khalifa al-Muqtadir, aliwakuta Warus kando ya mto Volga mwaka 310 Hijria (922). Lakini dirhamu huthibitisha biashara, haithibitishi shahada.

Atauliza mtu: sisi wa Buhongwa yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa nasi hubishana na wanaodai kwamba Uislamu uliletwa Afrika Mashariki na masultani wa Oman katika karne ya 19. Dai hilo lina majibu madhubuti. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe, akakuta mabaki ya misikiti iliyotangulia, tabaka chini ya tabaka, ya chini kabisa ikiwa ya miti. Ule wa mwanzo aliukadiria kuwa wa mwishoni mwa karne ya 8. Hiyo ni tarehe ya kukadiria kwa matabaka na vigae, na anayeitaja aitaje hivyo.

Kizimkazi, Unguja, hali ni nyingine. Maandishi ya Kufi kwenye mihrabu yanataja mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mwaka umeandikwa, haukukisiwa. Ila msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, kwa hiyo anayesema kuta zote tunazoziona leo ni za mwaka 1107 anampa mpinzani wetu nafasi ya kuyakataa na maandishi yenyewe.