Mkutubi na Sindano

Utotoni kwetu pwani, mkutubi kwangu alikuwa mtu wa mambo mawili: kukunyamazisha na kugonga muhuri wa tarehe ya kurudisha kitabu. Basi niliposoma habari za maktaba ya McPherson Square, mjini Philadelphia, nilishtuka. Wakutubi wa pale walikuwa wakitoka mbio hadi kwenye nyasi, dawa mkononi, kumwokoa mtu aliyeacha kupumua.

Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1917 kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Imekaa katikati ya bustani, mtaa wa Kensington, ambao zamani ulikuwa wa viwanda. Viwanda vikafungwa, ajira zikaenda navyo, heroini ikaingia. Watu wakaibandika bustani jina la Bustani ya Sindano.

Mwaka 2017, miaka 100 kamili baada ya maktaba kufunguliwa, watu 1,217 walikufa Philadelphia kwa kuzidisha dawa za kulevya. Wakutubi walikuwa wameshajifunza kutumia naloksoni, dawa ya kupuliza puani. Huzuia nguvu ya heroini, pumzi ikarudi. Lakini huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, kwa hiyo lazima ambulensi iitwe.

Kwingine walianza kwa njia tofauti: maktaba ya San Francisco iliajiri ofisa wa ustawi wa jamii mwaka 2009.

Sasa, hiyo ni kazi ya maktaba kweli? Mwanzoni nilisema hapana. Watoto wa Kensington nao huja pale baada ya shule, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe akanyage sindano. Ana haki ya kulalamika. Lakini maktaba ya umma ilijengwa kwa sharti la mlango wazi: huna kiingilio, huulizwi umefuata nini. Na ukimfukuza yule mgonjwa, anakwenda wapi? Hatua ishirini tu, akafie bustanini mbele ya watoto walewale.

Kwetu mtumiaji wa unga tunamwita teja. Anayekuja maktaba kuazima kitabu ni mteja. Kinachowatenganisha ni herufi moja. Neno hilo la kwanza nimelitamka miaka yote bila kufikiri, na siku hizi linanikwama kooni.